Kisangani Inatujua Kuliko Tunavyoijua

Vitabu vilivyoipa Kisangani jina duniani viliandikwa, vingi vyake, na watu waliofika kutoka magharibi wakipanda mto. Joseph Conrad alifika mwaka 1890 akiwa baharia kwenye meli ndogo ya mvuke, wakati mji ulikuwa kituo tu kilichoitwa Stanley Falls. Riwaya aliyoiandika miaka michache baadaye iliwazoesha Wazungu kuiona sehemu hii kama mwisho wa dunia, mahali ambapo akili ya binadamu hukatika. Mwaka 1979 V. S. Naipaul akachapisha A Bend in the River. Hakuutaja mji kwa jina, lakini wasomaji karibu wote huitambua Kisangani humo, na picha aliyoichora ni ya mji unaomezwa na msitu. Kuna jambo katika riwaya hiyo ambalo hupitwa kimyakimya. Salim, anayeisimulia, hakutoka magharibi. Ni mtu wa pwani yetu, wa ukoo wa Kihindi, aliyeendesha gari kutoka Bahari ya Hindi hadi kwenye kona ya mto, kwa upande ule ule ambao watu wa kwetu walikuwa wameshautumia karne moja kabla yake.

Ninaanza na vitabu kwa sababu nilikwenda Kisangani peke yangu nikiwa nimevisoma, mwanamke wa Tanga mwenye begi moja na Kiswahili chake, na nilichokikuta hakimo ndani yake. Nilikuta mji ambao haukunishangaa. Ulinijua. Naamini kila mtu wa Afrika Mashariki anayefika pale, awe mfanyabiashara, mwanafunzi au mtembezi tu kama mimi, wenyeji humpima kwa historia ambayo yeye mwenyewe hajafundishwa. Kutojua huko kuna uzito, na hakumhusu msafiri mmoja tu. Kunatuhusu sote tunaosema kwamba sasa sisi na Wakongo ni jumuiya moja.

Ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, Dar es Salaam na Kisangani zimeachana kwa kilomita zisizofika 1,800. Mimi ilinibidi kuruka juu ya nchi yote ya Kongo hadi Kinshasa, upande wa pili wa bara, kisha nigeuke na kurudi mashariki kilomita nyingine 1,200 hivi. Njia ambayo misafara ya karne ya 19 iliikata kwa miguu, leo tunaizunguka kwa ndege.

Mji umekaa nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, mahali ambapo Mto Kongo unamaliza kuporomoka. Juu ya hapo mto huitwa Lualaba, nao una maporomoko saba yaliyotawanyika kwa takriban kilomita 100, ndiyo hayo yanayoitwa maporomoko ya Boyoma. Chini ya hapo chombo kinaweza kwenda hadi Kinshasa, kiasi cha kilomita 1,700, bila kukutana na poromoko jingine. Hiyo ndiyo sababu ya mji kuwapo: mzigo wa mto unaishia hapa na mzigo wa nchi kavu unaanzia hapa. Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kwenye ukingo wa kushoto hadi Ubundu kwa ajili ya kuyakwepa maporomoko hayo, na majengo waliyoyaacha Makiso, katikati ya mji, bado yana vibaraza vipana vya kukingia mvua na jua.

Nilipanga chumba katika ua wa familia moja humo Makiso. Kupambazuka ndiko kulikonifundisha mji. Mitumbwi mirefu iliyochongwa kwa gogo moja inavusha watu kutoka Lubunga, komini pekee iliyo ng'ambo ya kushoto: wanafunzi wenye mashati meupe na nguo za chini za bluu, wauza mkaa, kina mama wenye vikapu vya sombe na mikungu ya ndizi. Chini ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, linalotazama mto, maboti makubwa ya mbao yenye injini yanapakia kwa ajili ya safari ya majuma kadhaa kuelekea Kinshasa. Abiria wanatandika mikeka juu ya magunia, wanawasha majiko, wanafunga mbuzi nyuma. Chombo kikishajaa kinakuwa mtaa mzima unaoelea, wenye majirani, ugomvi wake na wapatanishi wake.

Mitaani ni pikipiki. Zimechukua nafasi ya zile baiskeli za abiria zilizojulikana kama toleka, zenye kiti cha sponji nyuma, ambazo ndizo zilizoubeba mji huu miaka ya vita, mafuta ya gari yalipokuwa hayapatikani. Baiskeli hazijatoweka. Asubuhi utawaona wanaume wakizisukuma kwa mikono kutoka vijijini, zikiwa zimefungwa madumu ya mawese kila upande na mzigo juu, hata mwenye baiskeli haonekani isipokuwa miguu. Kando ya barabara wabadilishaji fedha wamekaa nyuma ya meza ndogo zenye vitita vya faranga. Dola yenye mpasuko mdogo ukingoni inakataliwa hata na muuza vitunguu, lakini faranga iliyochakaa mpaka sura haionekani inapokelewa bila neno.

Mtu wa pwani hapati shida ya chakula. Kisamvu kipo, wanakiita sombe au pondu, nacho kinapikwa kwa mawese pale ambapo sisi tungetia nazi. Samaki wabichi hufungwa ndani ya majani na kuokwa juu ya makaa, wakaitwa liboke. Kuna makayabu, samaki wa chumvi ambaye mtu wa Kilwa angemtambua kwa harufu akiwa mlangoni. Chakula chenye jina la mji hasa ni lituma: ndizi za kupika zilizochemshwa, zikapondwa kwenye kinu mpaka zikashikana, zikaliwa na samaki au mboga. Nilikila siku nyingi kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa mabati karibu na soko kuu. Siku ya kwanza nilikaa kwenye meza ya pembeni, kama anavyokaa mtu asiyejulikana. Alikuja akachukua sahani yangu mkononi.

"Mama, utakula peke yako namna gani? Kuya huku."

Akaniketisha katikati ya wapagazi wa bandarini na dereva wa lori aliyetoka Butembo, na tangu hapo nikawa Mama Tanzania. Wakaniuliza mambo ambayo kwetu tungeona si adabu kumuuliza mgeni: nina watoto wangapi, mume yuko wapi, nani amenipa ruhusa ya kusafiri, nani atanizika nikifa huku. Hilo la mwisho waliliuliza kwa uzito kabisa. Kwao mtu aliye peke yake ni jukumu lililoachwa wazi, na lazima apatikane mtu wa kulibeba. Kabla ya jioni mama yule alikuwa ameshaamua kuwa ni yeye. Aliandika namba yake ya simu kwenye kiganja changu kwa kalamu, akasema nikipata homa usiku nisimwamshe mwenye nyumba, nimwamshe yeye.

Nimesafiri kwingine peke yangu na nikaachwa peke yangu, na kuna uhuru wake katika hilo. Kisangani hainyimi uhuru huo, ila inaudai taarifa. Nikichelewa, majirani walijua. Nikibadili njia, mwendesha pikipiki wa kijiweni aliniuliza kwa nini. Mji uliozikwa watu wengi bila majina unahesabu watu wake kwa namna hiyo, na sikuona unafuu wowote wa kujificha humo.

Mama mwenye mgahawa alipojua kuwa mimi ni Mwislamu, alikwenda mwenyewe, yeye Mkatoliki wa kwaya, akanipeleka kwa mzee wa jirani yake anayesali. Mzee alikuwa na kofia ya mkono aliyoirithi na Kiswahili kilichonifanya nikae kimya kwanza ili nisikilize. Kisangani ni mahali ambapo Kilingala kilichopanda na mto, pamoja na wanajeshi na muziki wa Kinshasa, kinakutana na Kiswahili kilichotoka mashariki. Vijana wanaruka kutoka kimoja hadi kingine ndani ya sentensi moja, na Kifaransa kinapita kati. Mzee alishika Kiswahili. Alinisikia nikitoa salamu akatabasamu.

"Yako iko Swahili ya kitabu, mama. Sisi tunasemaka ya kwetu."

Nikamwambia babu zangu ni watu wa Pangani. Akaniambia kwamba anaijua habari ya Pangani, ya Bagamoyo na ya Unguja, maana kwao hizo ni habari za nyumbani. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya:

"Sisi tuko bajukuu ya wale walikuyaka, na bajukuu ya wale walikamatwaka. Damu yote mbili iko hapa."

Wajukuu wa waliokuja na wajukuu wa waliokamatwa. Sisi wa pwani tunapenda nusu ya kwanza ya sentensi hiyo. Kila mwaka Siku ya Kiswahili Duniani inapofika, 7 Julai, tunasimama kwenye majukwaa na kusema kwa fahari kwamba lugha yetu imeenea kutoka visiwani hadi kwenye misitu ya Kongo. Mara chache nimemsikia mtu akieleza ilivyofika huko.

Ilifika hivi. Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara ambao mabega yake yalikuwa ya Wangwana, watu huru wa Unguja na pwani waliokodiwa kubeba mizigo na bunduki. Walipofika Nyangwe mwaka 1876, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mzaliwa wa Unguja ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, alikubali kuusindikiza msafara huo sehemu ya njia. Mwanzoni mwa 1877 Stanley alipita kwenye maporomoko haya akipigana na wenyeji. Agosti mwaka huo alifika Boma karibu na Atlantiki, na wengi wa wale waliotoka naye pwani hawakuwapo tena. Nyuma yake zikafuata bunduki za biashara. Pembe za ndovu zilihitaji mabega ya kuzibeba, mabega yakatafutwa kwa kuchoma vijiji, na waliokamatwa wakafanywa watumwa, wapagazi na askari. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alimpa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls. Watu wetu walikuwa wakubwa wa hapa kwa barua ya mfalme yule yule aliyekuja kuijaza nchi hii mikono iliyokatwa. Kisha Wabelgiji wakawageukia washirika wao, na vita vya 1892 hadi 1894 vikaung'oa utawala wa watu wa pwani. Tippu Tip hakuwapo tena. Alikuwa amerudi Unguja, ambako alifariki mwaka 1905, na nyumba yake ya Shangani bado watalii wanaonyeshwa mlango wake wa nakshi.

Watu waliobaki ndio waliokifanya Kiswahili kuwa cha Kisangani. Mateka walikisema, wanawake walioolewa kwa nguvu wakawalea nacho watoto, kisha wavuvi, wafanyakazi wa reli na wauza samaki wakakichukua wakakipinda kulingana na midomo yao. Ndiyo maana kicheko tunachokitoa Dar es Salaam tukisikia Mkongo akizungumza huniumiza siku hizi. Tunawacheka watu ambao walipewa lugha kwa mtutu wa bunduki wakaigeuza kuwa ya nyimbo za kubembeleza watoto. Sioni tuna mamlaka gani ya kuwasahihisha.

Nilikwenda kwa Wagenia, wavuvi wa poromoko la mwisho, ambao picha zao zimechapishwa kila mahali. Nilikwenda nikiwa tayari nimechoshwa na picha hizo, na bado sikuwa tayari kwa ukubwa wa kazi yenyewe. Magogo mazito yamesimikwa katika matundu ya mwamba katikati ya maji yanayonguruma, yamefungwa matatu matatu kwa kamba za mtambaazi wa msituni, na kutoka humo yananing'inia matundu ya kunasia samaki, marefu na yenye umbo la pia, ambayo mkondo wenyewe unayajaza. Kila mahali pa kutegea pana ukoo wake, na kijana hurithi gogo la baba yake kama mwingine anavyorithi shamba. Mto ukipanda unang'oa, nao wanasimika upya. Kuogelea kwenda kwenye gogo la mbali ni jambo la kuhesabu pumzi na kuusoma mkondo, na mwanaume aliyenieleza hayo aliyaeleza polepole, akinionyesha kwa mkono mahali ambapo maji yanadanganya. Hawa ndio ambao mababu zao walimkabili Stanley kwa mitumbwi. Watawala wote waliotajwa hapo juu walipita mbele ya magogo haya, na magogo yangali yanasimikwa kwa namna ile ile.

Kuna Kisangani nyingine ambayo Mtanzania wa umri wangu anaijua kidogo kwa sababu ya Lumumba. Patrice Lumumba alikuja hapa kijana, akafanya kazi posta, na hapa ndipo alipojifunza siasa. Oktoba 1959 chama chake kilikutana katika mji huu, zikatokea ghasia, watu wakauawa na yeye akatiwa ndani, akatolewa gerezani kwenda Brussels kujadili uhuru. Alipokuwa anatoroka Kinshasa mwishoni mwa 1960, huku ndiko alikokuwa anakimbilia alipokamatwa. Juni 2022, jino lake, kiungo pekee kilichosalia baada ya kuuawa kwake, liliporejeshwa na Ubelgiji, lilipitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kuhusu 1964, waasi wa Simba, mateka wa Kizungu na askari wa miavuli wa Kibelgiji walioshuka 24 Novemba, mengi yameandikwa. Ninaongeza tu kwamba katika masimulizi ya nje waliohesabiwa kwa majina ni Wazungu, na Wakongo waliouawa kabla na baada ya siku hiyo, ambao walikuwa wengi zaidi, hubaki kuwa umati.

Lakini mambo ambayo Kisangani inayajua juu yetu hayaishii karne ya 19 wala miaka ya 1960. Yapo ya juzi. Agosti 1998 majeshi ya Rwanda na Uganda yaliuteka mji yakiwa pamoja, yakisema yanawasaidia waasi wa RCD. Kiongozi wa kwanza wa waasi hao alikuwa Ernest Wamba dia Wamba, profesa wa historia ambaye vizazi vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilikaa darasani kwake. Mwaka 1999 waasi wakagawanyika, yeye akaja kukaa Kisangani chini ya ulinzi wa Waganda, na majeshi mawili rafiki yakaanza kugombania mji: Agosti 1999, kisha Mei 2000, kisha kuanzia 5 hadi 10 Juni 2000. Kipindi hiki cha mwisho ndicho wenyeji wanachokiita Vita vya Siku Sita. Majeshi mawili ya kigeni yalipigana kwa mizinga katikati ya mji wa nchi ya tatu, makombora zaidi ya 6,000 yakaanguka kwenye nyumba, shule, makanisa na hospitali, na mamia ya raia wakafa.

Sikwenda kuyatafuta masimulizi haya. Yalinifuata, kwa sababu ya mdomo wangu. Kiswahili cha mashariki kwa sikio la Kisangani kina pande mbili: ni cha ndugu, na ni cha watu waliosimama vizuizini na bunduki. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke aliyekuwa msichana mwaka 2000, alisubiri mpaka tukazoeana ndipo aliponieleza. Walilala chini ya vitanda juu ya sakafu ya saruji. Maji yaliisha siku ya pili. Mdogo wake alitoka kwenda kuteka mtoni. Mwalimu hakulia, wala hakupandisha sauti. Alinyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja huku akizungumza, akakirudia kukinyoosha. Baadaye aliniuliza kama watoto wa Tanzania wanasoma habari hii shuleni. Nikamwambia hapana. Akauliza wa Uganda. Nikamwambia sidhani. Akasema basi watoto wa kwetu wanakua bila kujua wanaishi jirani na nani.

Sheria imesema kitu, ingawa taratibu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani Desemba 2005, na ikasubiri hadi 9 Februari 2022 kutaja kiasi: dola milioni 325, zilipwe kwa awamu tano za dola milioni 65 kuanzia mwaka huo hadi 2026. Kongo imeunda mfuko maalumu wa kuwagawia waathirika, wenye makao yake Kisangani, na madai ya kulipwa ndiyo mazungumzo ya foleni na ya misiba. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyo ilisema Februari 2006 kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Kwa hiyo kombora lililorushwa na upande mmoja lina fidia, na lililorushwa na upande wa pili halina, na aliyeangukiwa hakuwa na njia ya kujua lilitoka upande gani.

Sasa tazama tarehe. Hukumu ya fidia ilitolewa Februari 2022. Tarehe 8 Aprili mwaka huo huo, miezi miwili tu baadaye, Kongo ilitia saini Nairobi kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Uganda, Rwanda, Kenya na sisi tulikuwa tayari wanachama. Nilisoma hotuba za siku zile. Zilizungumzia soko la mamilioni ya watu, bandari, madini. Kisangani haikutajwa. Ningekuwa mkazi wa Mangobo au Tshopo, komini ambazo watu wake bado wanajua ni ukuta gani ulitobolewa na kombora gani, ningeuliza jumuiya hii inanialika kama nani.

Nasema haya nikiwa mtu anayeitaka jumuiya hiyo. Sokoni niliona kwamba watu wa kawaida hawakuisubiri. Sabuni na biskuti kutoka Kenya na Uganda, na bidhaa zilizoshushwa Mombasa, zinafika Kisangani kwa malori ya wafanyabiashara wa Butembo, kwa barabara inayopita Beni, Komanda na Bafwasende, kila mvua inapoiruhusu na kila bunduki za Ituri na Kivu ya Kaskazini zinaponyamaza. Dereva niliyekula naye lituma alikuwa ametumia siku nyingi njiani kuliko alivyotarajia, na alikuwa amelipa kwenye vizuizi vingi kuliko alivyotaka kuvihesabu. Yeye ndiye Afrika Mashariki ninayoiamini.

Wala sitaki msomaji aondoke na mji wa huzuni, maana huo ndio ule wa Conrad na Naipaul ukirudi kwa mlango wa nyuma. Chuo Kikuu cha Kisangani, kilichoanzishwa mwaka 1963, kina wanafunzi wanaosoma vibarazani kwa taa za simu umeme unapokatika, na unakatika mara nyingi, ingawa bwawa la Mto Tshopo liko ndani ya mji wenyewe. Kiasi cha kilomita 100 kuelekea magharibi, Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo na misitu kilichoanza mwaka 1933 bado kinafanya kazi, na tangu 2020 kuna mnara unaopima hewa ya ukaa ambayo msitu wa Kongo unaivuta na kuitoa. Wanafunzi wa mji huu wanapanda mnara huo. Niliongea na mmoja aliyekuwa anaandika tasnifu juu ya mti mmoja tu, akaueleza kwa saa nzima kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, na kila nilipopotea alirudi nyuma kunichukua.

Ng'ambo ya Lubunga hali ni nyingine. Mwaka 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulilipuka huko, watu wakauawa na maelfu wakakimbilia mjini. Baadhi yao niliwakuta wakiwa wamepanga katika nyumba za ndugu, watu kumi na zaidi chumbani. Mama wa mgahawa alikuwa na watoto wawili wa aina hiyo jikoni kwake. Nilidhani ni wajukuu zake mpaka siku moja mmoja aliponiambia jina la kijiji chake.

Mtu akiniuliza aende namna gani, namwambia aende na muda, maana Kisangani haimwambii kitu mtu mwenye haraka. Asalimie kwanza, akubali kuketishwa. Akifika kwa Wagenia apatane na wazee wao kabla ya kutoa kamera. Asimsahihishe mtu yeyote lugha. Na akisikia 2000 inatajwa, anyamaze aisikilize mpaka mwisho, hata kama nchi yake haikurusha kombora, maana pale haulizwi pasipoti.

Lakini mengi hayawezi kuachiwa wasafiri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na sherehe za 7 Julai za jumuiya zimekuwa zikihama nchi hadi nchi. Nataka zipelekwe Kisangani. Wajumbe wafike mwezi mmoja kabla, wakae na wenyeji tarehe 5 Juni wanapowakumbuka watu wao, na mawaziri wa Kampala na Kigali wawepo. Vitabu vya historia vya sekondari vya nchi zote za jumuiya viwe na Vita vya Siku Sita ndani yake, pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo, kwa sura moja inayofuatana. Na siku ya sherehe yenyewe, kabla ya washairi wa pwani kupanda jukwaani, apewe kipaza sauti yule mzee wa kofia, aseme kwa Kiswahili chake kuhusu waliokuja na waliokamatwa, kwa muda wowote atakaoutaka.